Ndutu Kuanzia Januari Hadi Machi: Jinsi ya Kuona Wanyama Ukiwa Kambini

Kila Desemba simu yangu hujaa maswali yaleyale. Shangazi anauliza kama nyumbu hawaonekani mpaka Julai. Rafiki wa kazini anauliza kama Februari si matope matupu. Kijana wa jirani anataka kujua kama atamwona simba kweli, au atalipa nauli akapige picha majani. Nimewajibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hiyo leo nayaandika yote mahali pamoja.

Nimepika kwenye kambi za mahema za Ndutu, pale Ngorongoro inapopakana na Serengeti, kwa misimu kadhaa. Mpishi hafuati magari. Hushinda kambini, na jioni, supu ikichemka, husikia kila gari limerudi na nini. Nilichojifunza jikoni ni hiki: gari linalorudi na habari tamu ni lile lililosimama sana, na mara chache ni lile lililokwenda mbali. Wanaozunguka kutwa hurudi na vumbi na picha za makalio ya pundamilia.

Kwanza tuelewane kuhusu msimu. Wageni wa Ulaya huita Julai majira ya joto, lakini kwetu Julai ni kipupwe, na asubuhi ya Serengeti wakati huo hukutoa meno nje kwa baridi. Joto letu ni la kaskazi, Desemba hadi Machi, katikati ya vuli na masika. Katika miezi hiyo nyumbu huwa wameshuka kusini kwenye nyanda za majani mafupi: Ndutu, upande wa Ngorongoro, na maeneo ya Serengeti yanayopakana nayo. Ardhi ya huku imetokana na majivu ya volkano, likiwemo Ol Doinyo Lengai, na majani yake yana madini ambayo jike anayenyonyesha anayahitaji. Nadharia inatosha hapo.

KABLA HUJAONDOKA

Kama unakwenda na kampuni, mengi ya haya yatafanywa na wao. Kama mnachanga na ndugu na kukodi gari wenyewe, soma kila mstari.

- Gari la magurudumu manne lenye tumbo la juu. Gari dogo la mjini usilifikirie hata kama mwenyewe anakwambia limeshawahi kufika.
- Dereva anayeijua Ndutu. Narudia: anayeijua Ndutu, siyo anayeijua Serengeti tu. Utaona sababu kwenye hatua ya pili.
- Kitambulisho cha taifa. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo mno ukilinganisha na cha mgeni, lakini bila kitambulisho getini utakuwa na kazi ya kujieleza.
- Malipo yaliyokamilishwa mapema kwa kontrol namba (namba ya malipo ya serikali), au kadi ya benki yenye salio. Usitegemee kulipa noti mkononi.
- Darubini. Ya 8x42, yaani inayokuza mara nane, inatosha kabisa. Kama pesa zinatosha kitu kimoja tu kati ya kamera na darubini, chukua darubini. Familia ya watu watano ichukue mbili, la sivyo mtagombana.
- Daftari dogo na penseli. Kalamu ya wino hugoma kwenye unyevu na vumbi.
- Koti au sweta nzito. Ndutu iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,600. Mchana utaungua, alfajiri utatetemeka.
- Nguo za rangi ya udongo, majani makavu au kijani kilichopauka. Bluu na nyeusi huwaita mbung'o. Zenye mabaka ya kijeshi usivae, raia haruhusiwi.
- Tochi ya kichwani, betri za akiba, na chaja ya kwenye gari.
- Maji ya kunywa ya kutosha siku zote mtakazokaa, pamoja na siku moja ya ziada. Ziwa Ndutu na Ziwa Masek yana maji ya magadi, hayanyweki.
- Koleo, kamba imara ya kuvutia gari, na mbao mbili za kuweka chini ya tairi.
- Vikapu au mifuko ya kitambaa. Ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na huko porini utaelewa kwa nini.

Jazeni mafuta Karatu, tangi lifurike. Baada ya hapo msitegemee kituo njiani kuelekea Ndutu.

Kuhusu kambi: zipo za kampuni, zenye mahema makubwa na vitanda, na zipo kambi maalumu za hifadhi ambazo unaweka nafasi mapema kupitia mamlaka ya Ngorongoro. Hizi za pili ni uwanja mtupu chini ya migunga. Hakuna bomba, hakuna choo. Unabeba kila kitu na unarudi na taka zako zote. Mimi nazipenda, lakini mtu ambaye hajawahi kulala porini aanze na zile za kampuni.

HATUA KWA HATUA

1. Panga siku zako kwa kufuata mvua, siyo kalenda

Kuzaliana kwa nyumbu hufika kileleni kati ya mwisho wa Januari na mwanzo wa Machi, na kwa kawaida Februari ndiyo salama zaidi kwa anayekuja mara ya kwanza. Lakini nyumbu hawana kalenda ukutani. Vuli ikinyesha vizuri, nyanda huwa za kijani na makundi hutapakaa hadi karibu na bonde la Oldupai. Mvua ikikata wiki mbili, husogea kwenye miti na kwenye vinamasi. Ikianguka upande mwingine, huifuata hukohuko.

Kwa hiyo wiki moja kabla ya safari mpigie mtu aliyeko huko, dereva au mtu wa kambi, umuulize maswali mawili tu: mvua ya mwisho ilinyesha lini, na upande gani? Usimuulize "nyumbu wapo?" Atajibu wapo. Daima wapo.

Laleni usiku tatu, si mmoja. Usiku mmoja ni kamari.

2. Jua uko ndani ya hifadhi gani

Hapa ndipo wengi wanapoumia mfukoni. Ndutu iko ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, lakini mpaka wa Serengeti uko karibu sana na huwezi kuuona kwa macho. Kibali cha Ngorongoro hakikuruhusu kuingia Serengeti. Kila upande una kiingilio chake. Gari likivuka bila kibali, askari akilikuta, asubuhi yenu imekwisha. Kushuka ndani ya kreta ya Ngorongoro nako kuna ada yake kwa gari, mbali na kiingilio.

Tofauti nyingine ni barabara. Upande wa Serengeti kuacha njia ni marufuku. Upande wa Ndutu magari huruhusiwa kutoka nje ya njia kwa masharti ya hifadhi, na masharti hayo yaulizwe getini kabla hujaingiza tairi kwenye majani. Dereva anayeijua Ndutu anajua mpaka unapita kwenye mti gani. Asiyeijua atakwambia "twende tu."

3. Fika kambini kabla ya saa 10 jioni, kisha usiende popote

Kutoka Karatu, kupita geti la Lodoare, ukingo wa kreta na kushuka nyandani, hesabu saa tatu hadi nne, na barabara itawapigapiga. Watu hufika wamechoka, wanatupa mabegi, wanataka kuondoka tena "tuwahi simba." Achaneni na hilo.

Jioni ya kwanza kaa mbele ya hema na darubini. Kambi ikishatulia, wanyama hurudi kwenye shughuli zao. Digidigi watatoka vichakani wawili wawili, maana mume na mke huishi pamoja. Twiga watapita. Kanga watakimbizana kuelekea mti wa kulala. Wakati huo jifunze mambo mawili: upepo unatoka wapi, na maji yako upande gani. Kila kitu kitakachotokea usiku kitahusiana na hayo mawili.

4. Sikiliza usiku na uandike

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo watu wanayoiruka kwa sababu ya usingizi.

Simba akinguruma usiku uliotulia anaweza kusikika umbali wa kilomita nane hivi, kwa hiyo usianze kupiga kelele kwamba yuko mlangoni. Ukisikia, angalia saa, elekeza mkono sauti inakotoka, na uandike: "saa 5 usiku, upande wa ziwa." Ukisikia tena saa 10 alfajiri, andika tena. Maelekezo mawili yakifanana, simba hawajasogea. Yakitofautiana, umeshajua wanaelekea wapi, na asubuhi dereva hataanza kwa kubahatisha. Mwelekeo wa simba aliyenguruma alfajiri una thamani kuliko ushauri wa magari kumi.

Sauti nyingine za kujua: fisi huanza chini na kupandisha, "uuu-wiip," na kicheko chake maana yake kuna ugomvi wa chakula. Pundamilia hubweka kama mbwa mwenye mafua. Nyumbu huguna usiku kucha, na kundi kubwa linasikika kama kijiwe cha wazee wanaobishana. Kundi hilo likinyamaza ghafla, fungua masikio.

Tahadhari: kusikiliza kunafanyika ndani ya hema, zipu imefungwa. Ukibanwa na haja, mulika tochi, mwite askari wa kambi akusindikize. Kambi hazina uzio. Viatu visilale nje. Fisi hupenda ngozi, na nimeshawahi kumpikia chai mzee mmoja aliyemaliza safari na ndala. Chakula, hata tunda moja, kisilale hemani.

5. Ondoka kambini kabla ya jua

Februari jua la Ndutu huchomoza karibu na saa 12:45 asubuhi. Gari liwe linaunguruma saa 12 na robo. Kifungua kinywa kiwe kwenye boksi; chai ya chupa. Saa mbili za kwanza za mwanga zina mambo mengi kuliko saa sita zinazofuata, kwa sababu simba bado anatembea, fisi anarudi shimoni, na bweha masikio hajaingia chini.

Usiku wanyama walao nyama hutumia njia za magari kama sisi, kwa hiyo vumbi la alfajiri ni gazeti. Usishuke, chungulia dirishani. Wayo mpana kama kiganja, mviringo, bila alama ya kucha, ni simba. Kama huo lakini mdogo, ni chui. Wayo mwembamba wenye alama za kucha na umbo la paka ni duma, kwa sababu yeye harudishi kucha ndani kama wenzake. Fisi naye anaonyesha kucha, lakini vidole vyake vimekaa upandeupande. Kinyesi cheupe kama chokaa ni cha fisi: ni mifupa aliyokula.

6. Tafuta wanaotazama, siyo wanaowindwa wala wawindaji

Anayeanza hutafuta simba. Simba ana rangi ya majani makavu na analala sehemu kubwa ya siku, utampita hatua ishirini. Wewe watafute waliomwona tayari.

Swala tomi kumi wakiwa wamesimama, shingo juu, wote wanatazama sehemu moja: kuna kitu hapo. Wakiwa wanamtazama na bado hawakimbii, mara nyingi ni duma au simba ambaye wanajua alipo. Kinachowatisha ni asiyeonekana. Twiga hata zaidi, maana ana mnara wake mwenyewe. Twiga aliyeganda dakika tano anatazama kichaka kilekile, nenda polepole ukasimame mahali unapoona kichaka hicho.

Tumbili kwenye migunga wana milio tofauti kwa chui, kwa tai na kwa nyoka. Watafiti waliithibitisha Amboseli, Kenya, zamani, kwa utafiti uliochapishwa mwaka 1980. Huhitaji kuijua yote. Wote wakipanda juu huku wakipiga kelele na kutazama chini, tazama chini.

Na tumbusi. Hewa ikishapata joto, kama saa 3 asubuhi, huanza kupaa na kuzunguka. Kuzunguka peke yake si habari, wanapandishwa na hewa. Wakishuka kwa kasi, mabawa yamebanwa, mmoja baada ya mwingine, kuna mzoga. Wakiwa wametua juu ya miti na hawashuki chini, mwenye mzoga bado anakula. Hapo ndipo pa kwenda.

7. Kuona mtoto wa nyumbu akizaliwa

Hiki ndicho kilichowaleta wengi, na wengi huondoka bila kukiona, ingawa katika msimu mmoja huzaliwa watoto takribani nusu milioni, wengi wao ndani ya wiki tatu hivi. Sababu ni kwamba wanaendesha.

Fanya hivi. Kati ya saa 1 na saa 5 asubuhi, kwa kuwa nyumbu wengi huzaa kabla ya mchana, tafuta kundi la majike lililotulia, lenye watoto wachache wa rangi ya mchanga. Rangi hiyo ndiyo ya wadogo, baadaye hukolea. Simama mbali, mita mia moja au zaidi, zima injini. Kagua kwa darubini jike mmoja mmoja. Unamtafuta anayelala, anainuka, anazunguka, analala tena, mkia ameuinua. Ukimwona mwenye miguu miwili midogo inayochungulia nyuma, umempata. Usisogee hata hatua moja. Jike akitishwa katikati ya uchungu anaweza kuinuka na kukimbia na kundi.

Mtoto akianguka chini, hesabu dakika. Kwa kawaida husimama kabla ya dakika kumi, baada ya kuanguka mara tatu nne kwa miguu inayotaka kwenda pande zote. Nimeona watu wazima wakilia hapo, na wengine wakipiga makofi. Msipige makofi.

Tahadhari kubwa: mtoto mchanga wa nyumbu hufuata chochote kikubwa kinachosogea. Anaweza kufuata gari lako, na hata fisi. Akikujia, zima injini na unyamaze, subiri mama yake au kundi lipite aambatane nalo. Ukiondoka, atakufuata, na umeshamuua. Usimshike, usimpakie, hata kama watoto wako wanalia. Mtoto asiye na mama aachiwe hifadhi.

8. Duma: mjue kwanza, kisha mwachie nafasi

Nusu ya watu wetu humwita duma chui. Duma ana madoadoa ya mviringo yaliyojazwa, mwili mwembamba, na mistari miwili myeusi kama machozi toka machoni hadi mdomoni. Chui ana madoa yaliyopangika kama maua, kifua kinene, na humkuti amekaa katikati ya uwanda mchana kweupe. Ndutu ni nchi ya duma hasa, kwa sababu majani ni mafupi na swala tomi ni wengi, na yeye huwinda mchana.

Akiwa amekaa juu ya kichuguu anatazama, simameni nyuma yake au pembeni, kamwe siyo kati yake na swala. Gari likikaa katikati linamharibia windo, na windo lililoharibika kwa mama mwenye watoto ni siku ya njaa. Utafiti uliofanywa Masai Mara ulionyesha kwamba duma wanaoishi panapojaa magari hulea watoto wachache mno kuliko wa maeneo tulivu. Kwa hiyo mkikuta magari sita tayari, tazameni kwa mbali, au endeleeni na njia yenu. Najua ni vigumu kumwambia dereva aondoke wakati ndiyo kwanza umemwona duma wa kwanza maishani. Mwambie.

9. Mchana rudi kambini, na uendelee kutazama

Kuanzia saa 5 hadi saa 9 jua ni kali, hewa inacheza, picha zinatoka kama zimepigwa chini ya maji. Wengi huendelea kuzunguka kwa sababu wamelipia gari. Rudini mle, mlale kidogo, halafu mtazame ndege. Msimu huu wapo wageni wetu kutoka Ulaya: korongo weupe wanaotembea nyandani kama wakaguzi wa shamba, vipanga wadogo, na mbayuwayu. Wakazi wa kudumu ni tandawala mkubwa, mmoja wa ndege wazito zaidi wanaoweza kuruka, na karani tamba mwenye miguu mirefu anayewaua nyoka kwa mateke. Ziwani, kina kikiwa kizuri, utawakuta heroe.

Tokeni tena saa 9 na nusu. Saa 12 jioni muwe mnaelekea kambini; kuendesha usiku hakuruhusiwi.

10. Andika kila siku kabla ya kula

Jioni, kila mtu aseme alichoona, mmoja aandike: saa, mahali, mnyama, wangapi, walikuwa wanafanya nini. Mfano: "Saa 2:10 asubuhi, kaskazini mwa Masek, simba majike 4 na watoto 3, wamelala chini ya mgunga, matumbo yamejaa." Neno "matumbo yamejaa" lina maana: hao hawaendi mbali, kesho asubuhi wako hapo au jirani. Kama matumbo yamebana, jioni hiyohiyo warudieni, wataamka wawinde.

MAMBO YAKIENDA KOMBO

Tumefika, hakuna nyumbu hata mmoja. Jioni tazameni upeo wa macho. Wingu jeusi lenye mvua liko wapi? Asubuhi elekeeni huko, mkiwa na kibali cha upande huo. Na msiwadharau waliobaki. Simba hawahami na nyumbu, wana maeneo yao.

Simba wamelala tu. Ndiyo, simba hulala. Kama ni asubuhi baada ya saa 3, nendeni, mrudi saa 11 jioni. Kama kuna watoto wachanga, kaeni nusu saa. Watoto hawajui kulala muda mrefu na watamsumbua mama mpaka aamke.

Gari limenasa. Kosa la kawaida ni kuendesha kwenye ukingo wa ziwa au wa kinamasi, ambako juu kuna ukoko mweupe mkavu na chini kuna uji. Ukihisi gari linazama, usikanyage mafuta. Tairi zikizunguka zinachimba kaburi lake. Simama. Tazameni pande zote kwa darubini kabla mtu yeyote hajashuka, na mmoja abaki juu akilinda. Punguzeni upepo wa matairi, chimbeni mbele ya tairi, wekeni mbao, mrudi nyuma kwa njia mliyojia. Mkishindwa, kaeni ndani ya gari mngojee gari jingine. Msitembee kwa miguu kwenda kambini, hata kama mnaiona.

Picha zote zimefifia. Mara nyingi si kamera, ni joto la mchana au vumbi kwenye lenzi. Pigeni kabla ya saa 3 asubuhi, injini ikiwa imezimwa ili gari lisitetemeke, na wekeni begi la mchele au maharage dirishani muegemeze kamera. Mchele huo mtaupika siku ya mwisho. Droni iacheni nyumbani. Bila kibali hairuhusiwi.

Mbung'o wanatumaliza. Mmeingia kwenye miti. Fungeni madirisha, endesheni hadi uwandani, wengi watabaki nyuma. Dawa ya kujipaka huwapunguza kidogo tu.

Watoto wamechoka na kulia. Wapeni darubini moja iwe yao na kazi ya kuhesabu ngiri. Ngiri akikimbia na mkia wima kama antena, hakuna mtoto asiyecheka.

Tembo ameingia kambini. Kaeni mlipo, hemani au ndani ya gari, kimya. Msimmulike tochi machoni. Kama ameingia jikoni, muachieni jiko. Mimi nimeshamuachia mara mbili, na mara ya pili alikula kabichi zote na kuacha vitunguu. Mwiteni askari wa kambi, naye atajua kama ni wa kufukuzwa au wa kusubiri.

Mvua inanyesha mfululizo na njia imekuwa ziwa. Bakini kambini nusu siku. Udongo mweusi wa mabondeni hukauka polepole, lakini wa uwanda wa majivu hunywa maji haraka, kwa hiyo saa tatu za jua zinaweza kuwafungulia njia ya juu. Mkitoka, pitieni miinuko, na kila dimbwi msilolijua mlizunguke. Mvua ikikatika saa 9 alasiri, msikose kutoka: vumbi limelala, mwanga ni safi, na huenda mkawakuta fisi wamelala ndani ya madimbwi.